Je, Bolivia imebaki nyuma kwa sababu ilinyang'anywa bahari?

Swali la msomaji: "Nauza vifaa vya ujenzi Kampala, na kila kontena langu linapita Mombasa, kwa hiyo najua gharama ya kuishi nchi isiyo na bahari. Nimesoma kwamba Bolivia ilikuwa na pwani, Chile ikaichukua vitani. Leo Chile ni tajiri, Bolivia ni maskini, na Peru iko katikati. Nchi hizi tatu zinapakana, zote zilitawaliwa na Hispania, zote zina madini. Je, ni kweli kwamba tofauti yote hii imeletwa na bahari?"

Ndugu yangu, nakushukuru kwa swali hili. Ukimuuliza Mbolivia wa kawaida atakujibu ndiyo bila kufikiri mara mbili. Jibu langu ni kwamba bahari ni sehemu ya sababu, lakini sehemu ndogo kuliko inavyodhaniwa. Hasara kubwa ya Bolivia katika vita ile haikuwa ufuko bali mali iliyokuwa chini ya mchanga nyuma ya ufuko ule. Na hata hasara hiyo haitoshi kueleza kila kitu, kwa sababu Bolivia imepata utajiri mara kadhaa tangu wakati huo, na kila mara ukaisha bila kuacha akiba ya kutosha.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hilo neno "maskini". Pato la Chile kwa kila mwananchi kwa mwaka linazidi dola 16,000, la Peru ni kama dola 8,000, na la Bolivia liko chini ya dola 5,000. Kwa majirani zake wa Amerika Kusini, Bolivia iko mkiani. Lakini kwa hesabu hiyohiyo iko juu ya Kenya, na juu zaidi ya Uganda. Kwa hiyo tunazungumzia nchi iliyoachwa nyuma na wenzake, si nchi isiyo na kitu.

Sasa tazama ramani. Milima ya Andes inapita upande wote wa magharibi wa bara lile, kutoka kaskazini hadi kusini. Baharini, sambamba na pwani ya Chile na Peru, unapita mkondo wa maji baridi uitwao Humboldt. Maji baridi hayatoi mvuke wa kutosha kufanya mvua, na upande wa pili Andes inazuia unyevu unaotoka Amazon. Ardhi iliyobanwa kati ya vitu hivi viwili ndiyo jangwa la Atacama, mojawapo ya sehemu kavu kuliko zote duniani. Kuna vituo vya kupimia mvua huko ambavyo hukaa miaka bila kuandika chochote. Kinachofika ni ukungu mzito wa asubuhi kutoka baharini, wenyeji huuita camanchaca, na katika vijiji vingine watu hutundika nyavu vilimani ili ukungu huo ugande uwe matone ya kunywa.

Ukame huo ndio uliozaa utajiri wa kwanza. Nitrati ni chumvi inayoyeyuka ndani ya maji. Mahali penye mvua husombwa ikapotea. Atacama, kusiko na mvua, nitrati ilikaa juu ya ardhi kwa maelfu ya miaka. Katika karne ya 19 Ulaya iliihitaji kwa mambo mawili, mbolea na baruti, na hapakuwa na mahali pengine pa kuipata kwa wingi namna ile. Tabaka nono kuliko zote lilikuwa Tarapacá, wakati huo mkoa wa Peru. Jingine lilikuwa Antofagasta, mkoa wa Bolivia. Ila waliochimba Antofagasta kwa sehemu kubwa walikuwa vibarua kutoka Chile, na mtaji ulikuwa wa Wachile na Waingereza. Serikali ya Bolivia ilikuwa mbali, juu milimani.

Mwaka 1874 Bolivia na Chile zilikubaliana kwamba kampuni za Kichile hazitaongezewa kodi kwa miaka 25. Mwaka 1878 Bolivia ikaweka kodi ya senti 10 kwa kila kwintali (kipimo cha uzito cha zamani) ya nitrati. Kampuni ikakataa kulipa, serikali ikatangaza kuipiga mnada, na tarehe 14 Februari 1879 wanajeshi wa Chile wakashuka Antofagasta. Peru ilikuwa na mkataba wa siri wa kuisaidia Bolivia, ikaingia vitani, na ndiyo iliyoumia zaidi kwa mapigano: mji wake mkuu, Lima, ulitekwa mwaka 1881. Vita ilipokwisha Peru ilikuwa imepoteza Tarapacá na Bolivia imepoteza pwani yake yote, kama kilomita 400. Mkataba wa 1904 ukalifunga jambo hilo: ardhi ni ya Chile moja kwa moja, na Chile nayo ijenge reli kutoka bandari ya Arica hadi La Paz, makao ya serikali ya Bolivia, na iruhusu mizigo ya Bolivia ipite bila vikwazo.

Uchungu wa jambo hili haujapoa. Kila tarehe 23 Machi Bolivia huadhimisha Siku ya Bahari, siku aliyouawa Eduardo Abaroa, raia aliyekataa kusalimu amri kwenye mapigano ya Calama. Nchi ina jeshi la majini mpaka leo, linalofanya doria kwenye Ziwa Titicaca na kwenye mito. Mwaka 2013 ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague kudai Chile ilazimishwe kuzungumza nayo juu ya njia ya kufika baharini. Hukumu ilitoka tarehe 1 Oktoba 2018, majaji 12 kwa 3: Chile haina wajibu huo kisheria.

Nije sasa kwenye hesabu unayoielewa kuliko mimi, ya usafirishaji. Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Arica hadi La Paz ni kama kilomita 500 tu, chini ya nusu. Kama umbali ndio ungekuwa tatizo, Bolivia ingekuwa na nafuu kukushinda wewe. Shida iko kwenye njia yenyewe. Lori linaondoka Arica usawa wa bahari likiwa na ngano, vipuri au nondo. Linapanda bila kupumzika hadi mpaka wa Tambo Quemado, zaidi ya mita 4,600 juu, likipita kando ya Ziwa Chungará chini ya volkano yenye theluji. Hewa huko ni nyembamba, injini inapoteza nguvu, dereva asiyezoea anaumwa kichwa. Yote hayo kwa muda wa siku moja. Kisha foleni ya forodha. Wafanyakazi wa forodha wa Chile wakigoma, au theluji ikianguka, malori mamia yanalala njiani, madereva wakipika chakula chao pembeni ya barabara kwenye baridi kali. Reli ya 1913 ilipita urefu wa aina hiyohiyo, zaidi ya mita 4,200, na sehemu zenye mwinuko mkali ilihitaji reli ya meno katikati ili treni isiteleze. Haikuwahi kubeba mizigo kwa wingi uliotarajiwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema bahari ingemaliza kila kitu. Bolivia ilipokuwa na pwani, milima hii ilikuwepo. Bandari yake ilikuwa Cobija, kijiji kilichokuwa na shida hata ya maji ya kunywa, na kati yake na miji ya juu kulikuwa na jangwa zima la kuvuka kwa nyumbu. Wafanyabiashara wengi wa La Paz waliendelea kutumia Arica, ambayo wakati huo ilikuwa ya Peru, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mawimbi makubwa ya matetemeko ya 1868 na 1877 yakaimaliza Cobija, na leo ni magofu. Nchi ilikuwa na bahari kwenye ramani lakini haikuwa na barabara ya kuifikia.

Kilichopotea kwa kweli ni madini. Chuquicamata, shimo la shaba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4 na kina kinachokaribia kilomita moja, liko kwenye ardhi iliyokuwa ya Bolivia. Mji wa Calama ulio kando yake ulikuwa wa Bolivia. Mkoa wa Antofagasta leo hutoa karibu nusu ya shaba yote ya Chile, na Chile ndiyo mzalishaji wa kwanza wa shaba duniani, takribani robo ya shaba yote inayochimbwa. (Wa pili kwa miaka mingi alikuwa Peru, hadi Kongo ya Kinshasa ilipompita mwaka 2023 kwa shaba ya Katanga na Lualaba.) Kwa hiyo Mbolivia anayelalamika ana haki yake. Ila alalamikie shaba kabla ya bahari.

Lakini ngoja. Kuwa na madini hakukuwa dawa, na Bolivia yenyewe ndiyo shahidi. Mlima wa Cerro Rico wa Potosí, uliogunduliwa kuwa na madini ya fedha mwaka 1545, uliilisha dola nzima ya Hispania. Wenyeji walilazimishwa kuuchimba kwa zamu, na waliokufa hawana idadi. Potosí ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia ya wakati wake, kwenye urefu wa zaidi ya mita 4,000. Fedha ilipopungua, mji ukasinyaa. Leo wachimbaji wa ushirika bado wanaingia mlima huohuo na shavu limejaa majani ya koka ili kuzuia njaa na uchovu, wakitafuta zinki na mabaki ya fedha, na mlima umetobolewa kiasi kwamba kilele chake kinadidimia. Baada ya fedha likaja bati, lililomfanya Simón Patiño kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa dunia mwanzoni mwa karne ya 20. Mapinduzi ya 1952 yakataifisha migodi. Mwaka 1985 soko la bati likaporomoka, wakati nchi tayari ilikuwa na mfumuko wa bei ambao watu walibeba noti kwa mabunda kwenda kununua mkate. Maelfu ya wachimbaji waliachishwa kazi, na wengi wakahamia El Alto, mji uliokua juu ya La Paz na ambao gulio lake la Alhamisi na Jumapili, mitaa mingi ya nguo, vipuri na magari, sasa ni mojawapo ya makubwa Amerika Kusini.

Kisha gesi asilia. Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu ilitokea juzi tu na ilianza vizuri. Mwaka 2006 serikali ya Rais Evo Morales ilichukua udhibiti wa gesi, bei duniani zikawa juu, na mabomba ya kwenda Brazili na Ajentina yakaleta dola kwa wingi. Umaskini uliokithiri, uliokuwa umeshika zaidi ya theluthi ya wananchi mwaka 2005, ulishuka chini ya moja ya tano. Wazee walipata pensheni, watoto wa shule wakapata ruzuku, na magari ya kamba, yanayoning'inia angani, yakaanza kubeba abiria kati ya La Paz na El Alto mwaka 2014. Akiba ya fedha za kigeni ikapita dola bilioni 15. Wakati huohuo utafutaji wa visima vipya ulidorora, huku petroli na dizeli vikiuzwa kwa bei ya ruzuku na boliviano, sarafu ya nchi, ikiwa imefungwa kwenye 6.96 kwa dola tangu 2011. Visima vikakauka. Kufikia mwisho wa 2023 akiba ilikuwa chini ya dola bilioni 2, Ajentina ikaacha kununua mwaka uliofuata, na nchi iliyokuwa ikiuza nishati ikawa na foleni za dizeli. Wewe mfanyabiashara utaelewa maana yake: mwaka 2024 ulikwenda benki kutafuta dola za kuagiza mzigo, hukuzipata, ukaenda mtaani ukazikuta kwa bei ya juu sana kuliko ile rasmi.

Chile ingeweza kuangukia shimo hilohilo. Nitrati iliyoipigania ilikufa pia: Wajerumani walipogundua namna ya kutengeneza mbolea kwa hewa, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, soko likaanza kuoza, na miji kama Humberstone imebaki maganda matupu jangwani, yenye ukumbi wa maonyesho na bwawa la kuogelea la chuma lisilo na mtu. Tofauti ilikuja baadaye, kwa shaba. Migodi mikubwa ilitaifishwa mwaka 1971, na hata utawala wa kijeshi uliofuata, uliouza mali nyingi za umma, haukuuza migodi hiyo. Uliiweka chini ya shirika la serikali la Codelco mwaka 1976. Mwaka 2001 Chile ikajiwekea kanuni: serikali itumie kana kwamba bei ya shaba ni ile ya wastani wa miaka mingi, na kinachozidi kiwekwe. Bei ilipopanda miaka ya 2000, waziri wa fedha Andrés Velasco alilaumiwa vikali kwa kukalia fedha wakati wananchi wana shida. Msukosuko wa dunia ulipofika 2008 na 2009, fedha hizo zikatolewa, zikaenda hadi mikononi mwa familia maskini. Sioni kitu kingine kinachoeleza tofauti ya nchi hizi mbili vizuri kama uamuzi huo. Bahari haikuwa na mkono ndani yake.

Jiografia nayo iliipendelea Chile kwa namna nyingine. Nchi ina urefu wa kilomita 4,300, kwa hiyo ina hali za hewa za aina nyingi. Bonde la kati linatoa zabibu, mvinyo na cheri, ambazo hupelekwa China kwa meli za haraka kabla ya mwaka mpya wa Kichina, na kwenye fiodi za kusini, yaani ghuba nyembamba kati ya milima, hufugwa samaki aina ya samoni. Shaba ikiyumba kuna kingine cha kuuza. Sisemi Chile ni pepo: mwaka 2019 nauli ya treni ya Santiago ilipandishwa kwa peso 30 na nchi ikalipuka, kwa sababu elimu, matibabu na pensheni vilikuwa vimewaelemea watu kwa miaka. Utajiri wake umegawanyika vibaya sana.

Ukitaka kuona jiografia na siasa zikifanya kazi pamoja leo, tazama lithiamu, madini ya betri. Bolivia ina Salar de Uyuni, uwanda wa chumvi wenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000, na inatajwa kuwa na mojawapo ya hazina kubwa kuliko zote duniani. Chile ina Salar de Atacama, mdogo kuliko theluthi ya huo. Njia ya kawaida ni moja: maji ya chumvi yanavutwa kutoka chini, yanatandazwa kwenye mabwawa mapana, jua linayakausha kwa miezi, na rangi inageuka kutoka bwawa hadi bwawa, buluu mwanzoni, njano ya kijani mwishoni, hadi libaki kimiminika kizito cha lithiamu. Atacama hakuna mvua, jua ni kali, na kuna magnesiamu kidogo. Uyuni mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Machi na kurudisha maji kwenye mabwawa, na magnesiamu ni nyingi, kuitenganisha ni gharama. Kisha bandari: Atacama inashuka tu hadi Antofagasta. Chile inachimba tangu 1984 na ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Bolivia ilifungua kiwanda chake kikubwa cha lithiamu Desemba 2023, na kimetoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Mkataba na Wajerumani ulivunjwa 2019 baada ya maandamano ya watu wa Potosí walioona wanapunjwa, na mikataba na Warusi na Wachina ikakwama bungeni. Siwalaumu watu wa Potosí. Mtu ambaye mababu zake walichimba Cerro Rico ana sababu ya kuuliza atabaki na nini. Na upande wa Chile nao, jamii za Waatacama zinalalamika kuhusu maji na kuhusu heroe wa kwenye ziwa la chumvi.

Peru sitaikalia sana, maana umesema mwenyewe iko katikati, na ni kweli. Mkondo wa Humboldt unailetea dagaa wengi kuliko pwani yoyote, hugeuzwa unga wa samaki wa kulishia mifugo. Bahari ikipata joto mwaka wa El Niño, dagaa hupotea. Mwaka 2023 msimu wa kwanza wa uvuvi ulifutwa kabisa. Jambo la kuvutia zaidi ni jangwa lake. Mito ya Andes imeelekezwa kwenye mchanga wa pwani, na Peru imekuwa muuzaji wa kwanza wa bluberi duniani, ikiuza pia parachichi na zabibu.

Ila nchi unayopaswa kuilinganisha na Bolivia kwa suala lako la bahari ni Paragwai. Haina pwani. Inapakana na Bolivia, zilipigana vita ya Chaco kati ya 1932 na 1935. Lakini ina mto Paragwai unaoungana na Paraná hadi Atlantiki, na matishali yake ni miongoni mwa makundi makubwa ya dunia, yakibeba soya na nafaka polepole kwa gharama ndogo. Pato lake kwa mtu limeipita Bolivia.

Na Bolivia ina kipande cha mto huohuo. Watu wengi hudhani nchi ile ni milima mitupu, kumbe zaidi ya nusu ya ardhi yake ni nyanda za chini za mashariki, kuzunguka Santa Cruz, mji ulio mbali kabisa na Bahari ya Pasifiki kwa sura na kwa biashara. Soya yake nyingi hutoka huko, na bandari ndogo kama Puerto Jennefer tayari zinaipeleka Atlantiki kwa tishali. Ndiyo maana nikiulizwa Bolivia ijenge wapi kwanza, nitaelekeza kidole mashariki kabla ya magharibi. Peru nayo imefungua bandari kubwa ya Chancay kwa mtaji wa China mwezi Novemba 2024, na Bolivia inaipigia hesabu kama njia mbadala ya Arica. Wakati huohuo Brazili, Paragwai, Ajentina na Chile zinaunganisha barabara moja kutoka Atlantiki hadi Pasifiki, na daraja la Porto Murtinho juu ya mto Paragwai ni sehemu yake. Njia hiyo inapita kusini ya mpaka wa Bolivia, haikanyagi ardhi yake hata kilomita moja. Ukitaka kujua Bolivia itakuwa wapi miaka 20 ijayo, fuatilia mizigo ya barabara ile kuliko kesi za The Hague.